Kifaru begani

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ilichagua kichwa cha kifaru kuwa nembo yake. Askari waliishona begani, wengi wao wakiwa wa Keya, jina walilolizoea wazee wetu kwa kikosi cha King's African Rifles. Mwaka 1944 waliivaa Burma, wakiteremka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya huko, matope na malaria, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Nembo ilifaa: kifaru ana ngozi nene, na akishaanza kwenda mbele harudi nyuma kirahisi.

Leo kifaru ni pia lile gari la vita la minyororo. Sarufi yetu inawatenganisha vizuri. Mnyama hufuata ngeli ya viumbe: kifaru huyu amejeruhiwa. Gari ni kitu: kifaru hiki kimeharibiwa. Nawaomba wahariri wasichanganye. Na yule wa begani? Mimi namwita huyu. Ingawa ni uzi na kitambaa, amechorwa akiwa mnyama, na waliomvaa wanastahili tumtaje akiwa hai.