Kutoka Sala hadi Essaala: Safari ya Neno Moja Mpaka Buganda

Hapa Uganda Kiswahili kina sifa mbaya. Wapo wazee, hasa Buganda, wanaokiita lugha ya askari na wezi, na wapo wanafunzi wenzangu wanaoamini kwamba kililetwa na jeshi la mkoloni. Katika insha hii nitalifuatilia neno moja tu, sala, ili nionyeshe kwamba Kiswahili kilifika Buganda mapema zaidi, tena kwa njia ya ibada.

Kwanza tutazame maana. Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu katika jambo hili: kuomba na kusali. Kuomba ni neno la Kibantu; Wabemba wa Zambia husema kulomba. Mtu huomba maji, huomba kazi, huomba msamaha, na humwomba Mungu. Kusali kuna kazi moja tu. Huwezi kumsali jirani akuazime jembe. Waislamu wengi huandika swala ili wakaribie matamshi ya Kiarabu, na kwao swala ni ibada yenye nyakati, udhu na kibla, tofauti na dua ambayo mtu huomba wakati wowote. Wakristo husema sala, na ndani yake huingiza hata yale ambayo Mwislamu angeyaita dua.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, salat. Hata hivyo, safari yake haikuanzia hapo. Wataalamu wengi hulihusisha na Kiaramu, slota, neno la sala lililotumiwa na Wayahudi na Wakristo wa Shamu kabla ya Uislamu kuja katika karne ya 7. Katika Kiaramu mzizi wake huhusishwa na kuinama. Kwa hiyo Mkristo anayelikwepa kwa kudhani ni la Waislamu, na Mwislamu anayedhani Wakristo wameliiba kwake, wote wawili ni warithi wa neno lililowatangulia.

Je, lilifikaje Buganda? Mwaka unaotajwa sana ni 1844, mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alipofika katika kasri la Kabaka Suna II na kuzungumza naye habari za Mungu. Mwaka huohuo mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa na kuanza kujifunza Kiswahili. Kabaka Muteesa I alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, na vijana wa kasri walijifunza kusali. Lugha ya misafara iliyowaunganisha na pwani ilikuwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana walipofika mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879, walikuta watu wa kasri wanaoelewa Kiswahili, nao wakakitumia kufundishia kabla hawajaimudu Luganda. Mambo haya yote yalitokea kabla Uganda haijawa himaya ya Uingereza mwaka 1894.

Alama za historia hiyo zimo katika Luganda hadi leo. Sala ni essaala, msalaba ni omusaalaba, kanisa ni ekkanisa, msikiti ni omuzikiti. Kinachonivutia zaidi ni mgawanyo wa vitenzi. Okusaala ni swala ya Mwislamu. Mkristo husema okusaba, yaani kuomba, kitenzi kilekile cha kuomba pesa au chumvi. Lakini nomino essaala wanaitumia wote. Dini ziligawana kitenzi, zikabaki na nomino moja. Tukilinganisha na Rwanda, kule watu husema gusenga na isengesho, maneno yasiyotokana na sala. Naona sababu mojawapo ni kwamba ufalme wa Rwanda uliwazuia wafanyabiashara wa pwani karibu hadi mwisho wa karne ya 19, ilhali Buganda iliwafungulia mlango.

Mtu anaweza kunipinga kwamba kuazima maneno si kuipenda lugha. Ni kweli. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mpango wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Lakini wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikifikiria kuiunganisha Uganda na Kenya na Tanganyika, na Waganda walihofia ardhi yao na mamlaka ya Kabaka wao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na sioni haki kuidharau. Ila ilikuwa hofu ya siasa ya wakati ule. Haifuti miaka themanini na zaidi iliyotangulia, wakati Kiswahili kilipoingia kasri kikiwa mgeni aliyekaribishwa.

Kwa kuhitimisha, katiba yetu ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado tunabishana kama ni chetu. Mimi naona jibu limo midomoni mwetu, Ijumaa na Jumapili. Anayetaka kuking'oa Kiswahili Buganda itambidi aanze na essaala, na sidhani kama atapata shehe au padri wa kumuunga mkono.