Rangi ya kifaranga na njaa ya vita

Wasomaji na wasikilizaji wetu wa Kalemie, na ninyi ndugu mlioko kambini au kwa familia zilizowapokea, leo tuzungumze historia ya kuku. Tangu mapigano ya mwaka 2016 katika jimbo letu la Tanganyika, watu wengi walikimbia vijiji vyao na kufika hapa mikono mitupu. Mbuzi ni bei kali, kwa hiyo anayetaka kuanza upya huanza na kuku. Swali la kwanza la anayenunua vifaranga ni hili: nitajuaje huyu atataga?

Jibu lilitafutwa sana wakati wa vita vya kwanza vya dunia, vita ambavyo wazee wa hapa walivisikia. Mwezi wa Desemba 1915, Waingereza walishusha mashua zao mbili za vita, Mimi na Toutou, ziwani karibu na mto Lukuga, ili kupigana na Wajerumani. Huko kwao Uingereza, nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula. Nafaka ilipungua. Nani atakubali kulisha madume miezi mingi wakati anachotaka ni mayai?

Profesa Reginald Punnett wa chuo kikuu cha Cambridge alipendekeza kwamba rangi ya manyoya itumike kutenganisha vifaranga siku wanapoanguliwa. Hakuanza kutoka sifuri. Mwaka 1908, Mmarekani William Spillman alikuwa ameeleza kwamba mistari myeupe na myeusi ya kuku wa Plymouth Rock inarithiwa kwa kufuata jinsia.

Siri iko kwa mama. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inaamua mtoto awe msichana au mvulana (wanaume wanaofukuza wake zao kwa sababu ya kuzaa wasichana tu, wasikie hapo). Kwa kuku ni kinyume. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Kuku jike ana Z moja na W moja. Z ya mama inaenda kwa watoto wa kiume tu, wale wa kike wanapata W yake. Na chembe ya ile mistari inakaa kwenye Z.

Basi chukua jike mwenye mistari, mpandishe na jogoo mwekundu wa Rhode Island Red. Vifaranga wote wanatoka weusi, lakini madume wana doa jeupe kichwani, maana wamepata Z ya mama. Majike hawana doa. Ukigeuza, jogoo akawa ndiye mwenye mistari, anawapa watoto wote, na alama haisaidii tena.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Punnett na mwenzake Michael Pease walikwenda mbali zaidi. Walichanganya Plymouth Rock na Campine, kuku wa Ubelgiji, wakapata kabila jipya, Cambar. Hapo dume ana chembe mbili za mistari, jike moja tu, kwa hiyo kifaranga dume ni mweupe zaidi, kizazi hadi kizazi. Miaka hiyohiyo Wajapani walipata njia nyingine, ya kuchungulia kifaranga nyuma. Inataka macho makali na mazoezi marefu.

Leo kuku wekundu wa mayai, kama Isa Brown wa Ufaransa, wanatengenezwa kwa njia ya rangi: baba mwekundu, mama mweupe wa aina ya fedha. Majike wanaanguliwa wakiwa wa kahawia, madume wa njano-nyeupe. Lakini ukiwaweka hao nyumbani wazaane wenyewe kwa wenyewe, rangi za vifaranga wao hazikwambii tena jinsia. Watu wengi wanalipa pesa bila kuelezwa jambo hilo.

Kwa kuku wetu wa kienyeji, waliochanganyika miaka na miaka, anayekuambia sokoni kwamba weusi wote ni majike anakudanganya, au amedanganywa naye. Ngoja wiki sita hadi nane: dume upanga wake wa kichwani unakua haraka na kuwa mwekundu, na baadaye manyoya ya shingo yanachongoka. Katika vifaranga kumi, hesabu karibu watano kuwa madume, na bei uipange hivyo kabla hujatoa franka.