Barua za Wasomaji kwa Watunzi wa Nchi za Kubuni

Mtu aandikaye habari za nchi isiyokuwapo hujitwika mzigo ambao mwandishi wa habari za kweli hana. Msomaji akitilia shaka maelezo ya mji wa Tunduma, aweza kupanda basi akaenda kujionea kwamba mji huo umepakana na Nakonde ya Zambia, na kwamba Wanamwanga wakaa pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliukubali kwa mkataba mwaka 1890. Lakini akitilia shaka jambo katika habari za Kusadikika, hana pa kwenda ila kwa mtunzi mwenyewe. Katika makala haya nimekusudia kuyaangalia maswali ya namna hiyo yaliyopelekwa kwa barua, kwa kuwa historia ya fasihi ya Kiswahili bado haijayapa nafasi yanayostahili.

Katika hadithi ya kusimuliwa swali halihitaji posta. Fanani asemapo “Paukwa!” hujibiwa “Pakawa!”, na tangu hapo wasikilizaji wana haki ya kumwuliza na hata kumsahihisha. Kitabu kiliivunja desturi hiyo. Kwetu ushairi ndio ulioponyoka, maana gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana mbele ya watu wote. Hadithi ya nathari haikupata uwanja kama huo.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa ng’ambo. J.R.R. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akawa profesa wa Oxford tangu mwaka 1925 hadi 1959, na kazi yake ilikuwa elimu ya lugha kama yetu. The Hobbit ilitoka mwaka 1937, na mabuku matatu ya The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955. Nchi alizozibuni zilikuwa na ramani, nasaba za wafalme na lugha zenye sarufi, mathalan Quenya na Sindarin. Mtunzi wa jinsi hiyo huvuta wasomaji wa jinsi yake. Waliandika kuuliza maana ya majina, matamshi, habari za wafalme waliotajwa mara moja tu, na mambo ya itikadi pia. Mwaka 1954 msomaji mmoja aliyekuwa Mkatoliki, kama Tolkien mwenyewe, alimhoji kama mtunzi ana ruhusa ya kuwarudisha duniani watu wake waliokufa. Tolkien aliandika jibu refu, kisha hakulipeleka, akiona kwamba alikuwa akijikuza mno. Rasimu ikabaki miongoni mwa karatasi zake, nasi leo twaisoma.

Barua moja ya mwaka 1958 yafaa itazamwe kwa karibu. Msomaji alikuwa ameona kwamba farasi wa Glorfindel, mmoja wa watu wa kabila lisilokufa kwa uzee, ameelezwa kuwa ana hatamu na lijamu, ilhali kabila hilo lasemwa kuwa hupanda farasi bila vyombo hivyo. Tolkien alikiri kwamba neno lilimponyoka kalamuni, na katika chapa ya pili ya miaka ya 1965 na 1966 hatamu ikaondolewa, pakawekwa neno la mkanda wa kichwani tu. Anayelinganisha chapa hizo mbili bila kuijua barua hiyo atadhani kwamba mtunzi alibadili shauri mwenyewe. Mhakiki wa matini hawezi basi kuipuuza.

Kisa kingine chapendeza mwana wa lugha. Mwaka 1956 mtu mmoja wa London, aliyesikia kwamba jina lake latajwa katika mchezo wa redio uliotokana na kitabu hicho, aliandika kuuliza limetoka wapi. Tolkien alimjibu kwamba lilimkaa kichwani tangu utoto wake Birmingham, ambako gamgee lilikuwa jina la pamba ya kufungia vidonda, lililotokana na daktari wa mji huo. Kisha akampelekea mabuku yote matatu yenye sahihi yake. Kwa ufupi, mtu akawa pamba, na pamba ikawa mtu tena.

Barua hizo zilikuwa na nguvu ya fedha vilevile. Mwaka 1965 kampuni ya Ace Books ya Marekani ilitoa chapa ya bei rahisi bila idhini ya mtunzi. Tolkien akawa anapowajibu wasomaji wake wa Marekani anawaarifu habari hiyo na kuwaomba wawaambie wenzao. Wasomaji walipiga kelele hata kampuni ikakubali kumlipa na kutochapa tena. Waandishi wetu, ambao vitabu vyao hutolewa nakala na kuuzwa bila wao kupata senti, hawajawahi kuwa na jeshi kama hilo, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba hawajui wasomaji wao ni akina nani.

Tukirudi kwetu, Shaaban Robert ndiye wa kutazamwa kwanza. Kusadikika, nchi yake ieleayo angani, ilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilihifadhiwa, na M.M. Mulokozi akazihariri zikatolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Ulenge alikuwa mtunzi pia, mwenye Nguzo ya Maji, kwa hiyo alijua thamani ya karatasi alizozishika. Bali hiyo ni sauti ya mwandishi kwa ndugu yake. Na Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi kufariki, hata msomaji aliyekuwa na swali juu yake hakuwa na wa kumwandikia.

Anayetaka kuzitafuta barua za wasomaji katika mkoa wa Songwe ajihadhari na majina. Mkoa huo uliundwa mwaka 2016 kutoka Mbeya; karatasi za zamani zitakuwa chini ya Mbozi na Mbeya. Tena iko mito miwili iitwayo Songwe, mmoja unaoingia Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi, na mwingine unaomwaga maji katika Ziwa Rukwa. Hata Tolkien hakuwapa wasomaji wake mtego kama huo. Kwa mwanaisimu, barua ya mtu wa huko ina faida zaidi ya yaliyomo, kwa kuwa mwandishi wake aghalabu alizaliwa katika Kinyiha, Kinamwanga au Kindali, akakipata Kiswahili shuleni, katika biashara au katika safari. Na neno analolihoji katika hadithi laonyesha mahali ambapo Kiswahili cha vitabu na Kiswahili chake viliachana.

Wenye barua hizo, au majibu ya watunzi, huko Vwawa, Tunduma au Itumba, wangefanya hisani kuziruhusu zinakiliwe kabla ya mchwa. Bahasha nazo zisitupwe, maana muhuri wa posta hutaja mahali na tarehe, mambo mawili ambayo mwandishi wa barua mara nyingi huyasahau.