Barafu ya Kilimanjaro katika Kurasa za Magazeti

Utabiri kwamba barafu ya Kilimanjaro itatoweka umekwisha kupita umri wa karne moja, ingawa magazeti huuandika mara kwa mara kama habari mpya. Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alirudi mlimani mwaka 1898, akakuta barafu imepungua pande zote, naye akakadiria kuwa ingekwisha katika miongo miwili au mitatu. Haikwisha, lakini eneo lake, lililokuwa kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912, lilikuwa chini ya kilometa za mraba 2 kufikia mwaka 2011.

Utabiri uliovuma zaidi ulitolewa Oktoba 2002, pale Lonnie Thompson na wenzake, waliokuwa wamechimbua vipande virefu vya barafu ili kusoma ndani yake historia ya tabianchi, walipoandika katika jarida la Science kwamba, kasi ile ikiendelea, barafu ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Kadirio la aina hiyo huchukua mwenendo wa miaka iliyopita na kuuendeleza mbele, kwa hiyo halina maana likitengwa na sharti lake; vichwa vya habari, kwa ufinyu wa nafasi, viliacha sharti vikabaki na mwaka. Mwaka 2020 ulipopita barafu ikiwa ingalipo, walioipinga sayansi ya tabianchi walijipatia hoja, ilhali upungufu wenyewe ulikuwa ukiendelea. Novemba 2022, UNESCO ilitaja ukomo mwingine, mwaka 2050.

Hasara kubwa zaidi ya uandishi huo ni kwamba ulimwelekeza msomaji kileleni, wakati mustakabali wa watu uko chini yake. Maji ya mifongo, yaani mifereji ya jadi ambayo Wachagga humwagilia mashamba yao ya migomba na kahawa, hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, mchango wa barafu ukiwa mdogo mno. Na msitu wa juu umeteketezwa na moto kwa maelfu ya hekta tangu miaka ya 1970, kadiri ukame ulivyozidi. Mwaka 2005, magazeti yakiwa bado yanahesabu miaka ya barafu, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ili kuujumuisha msitu huo, hatua inayogusa maisha ya wakulima wa Machame na Marangu kuliko tarehe yoyote iliyotangazwa kuhusu kilele.