Chinon, Divai ya

Divai nyekundu itokayo katika mashamba yaliyouzunguka mji wa Chinon, ukingoni mwa mto Vienne, katika jimbo la Touraine nchini Ufaransa. Zabibu zake ni za aina ya Cabernet Franc, ambazo wenyeji huziita Breton. Na mipaka ya ardhi iliyoruhusiwa kulitumia jina la Chinon iliwekwa kwa sheria mwaka 1937. Divai nyeupe na ya waridi hutengenezwa pia, ila kwa uchache, kwani fahari ya mahali hapo ni ile nyekundu, iliyosifiwa tangu zama za François Rabelais, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa karibu na mji huo na kufariki mwaka 1553.

Hali ya hewa na ardhi. Chinon iko katika latitudo ya 47 kaskazini, karibu na ukomo wa nchi ambazo zabibu nyekundu huweza kuiva sawasawa. Jalidi ya mwezi wa Aprili, ikiyakuta machipukizi yangali machanga, huweza kuteketeza mavuno ya mwaka kwa usiku mmoja, kama ilivyoyasibu mashamba ya bonde la mto Loire, ambamo Chinon imo, mwaka 1991. Na kwa sababu hiyo wakulima hukesha wakiwasha moto kati ya safu za mizabibu. Hata hivyo, baridi hiyo hiyo iliyo adui wa mkulima ndiyo mhisani wa divai, kwa kuwa zabibu ziivazo taratibu huhifadhi uchachu wake, wala utamu wake haupiti kiasi. Zisipoiva barabara hubakiwa na harufu ya pilipili hoho mbichi, ndiyo maana wakulima hupunguza majani ili jua livifikie vichala.

Mashamba ya changarawe yaliyo kando ya mto hutoa divai nyepesi, yenye harufu ya forosadi na urujuani, inayofaa kunywewa ingali changa. Ilhali miteremko ya tuffeau, yaani jiwe laini la chokaa lililojengewa makasri ya nchi hiyo, hutoa divai yenye nguvu zaidi, iwezayo kudumu miaka kumi na kupita. Machimbo ya jiwe hilo yamegeuzwa maghala ya mapipa, kwa kuwa ubaridi wake haubadiliki sana kiangazi wala kipupwe.

Vyakula vinavyowafikiana nayo. Divai hii haifai kuhukumiwa peke yake, bali mezani, kwani uchachu wake hukata mafuta ya chakula na kuusafisha ulimi, na ukakasi wa tanini zake, ulio wa wastani, haukifuniki chakula chenye ladha ya upole. Watu wa Touraine huinywa pamoja na rillettes, yaani nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa mafuta yake hata ikachambuka nyuzinyuzi. Huinywa pia pamoja na kuku wa kuoka, bata, sungura, na uyoga unaokuzwa gizani katika machimbo ya kale. Jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, ipakwayo majivu na kupitishwa bua la nafaka ya rai katikati, hupatana nayo vyema, maana uchachu hukutana na uchachu, wala hapana unaomshinda mwenziwe.

Samaki wenye mafuta mengi, wakiandaliwa pamoja na divai nyekundu, aghalabu huacha ladha ya chuma kinywani. Lakini mkunga wa mtoni huiepuka kasoro hiyo, kwa kuwa hupikwa ndani ya divai yenyewe pamoja na vitunguu. Kwa kitindamlo hutumiwa mapeya ya Rivarennes, yaliyokaushwa tanuruni, yakapondwa hata yakawa bapa, kisha yakarudishiwa unyevu kwa divai ya Chinon.

Inapoandaliwa, itiwe ubaridi wa nyuzi 14 hadi 16 za Selsiasi, na iliyo changa ipoozwe zaidi kidogo. Kwani ikipata joto, kileo hutangulia puani, na ule uchachu uliohifadhiwa kwa taabu ya msimu mzima hupotea kabla ya tonge la kwanza.