Karakana, Maabara na Mizani ya Dhahabu: Mafunzo kwa Vitendo ya Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi katika Nyanda za Juu Kusini

Historia ya elimu ya uhandisi nchini Tanzania kwa kawaida huandikwa kama historia ya taasisi: chuo kilianzishwa lini, kwa msaada wa nani, kikapandishwa hadhi mwaka gani. Makala hii inafuata jambo dogo zaidi, nalo ni kile ambacho mwanafunzi anayeanza ametakiwa kukifanya kwa mikono yake, na iwapo jibu la kazi hiyo lilikuwa limekwisha kujulikana kabla hajaianza. Eneo linalochunguzwa linaanzia Ifunda, mkoani Iringa, na kuishia Makongolosi, wilayani Chunya, mkoa wa Mbeya.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ifunda ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua hapo shule ya ufundi. Mafunzo ya aina hiyo yalijengwa juu ya marudio ya kazi moja: kijana hupewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, akaagizwa kukisawazisha mpaka mwanga usipenye kati ya chuma na rula. Njia hii ina heshima yake, kwa maana chuma hakikubali udhuru. Hata hivyo, haikumwalika mwanafunzi kuuliza kwa nini kipande kiwe na umbo lile. Koloni lilihitaji mikono ya kutekeleza michoro iliyokwisha kuchorwa na wengine. Wahandisi wenyewe waliandaliwa kwingine; hata baada ya uhuru, katika kipindi cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, yaani 1963 hadi 1970, uhandisi ulisomeshwa Nairobi. Ngazi ya fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi, ambayo bado inatumika nchini, ilikuwa pia mgawanyo wa mahali: karakana huku, maabara kule.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililaumu mgawanyo wa namna hiyo. Kitivo cha Uhandisi kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mafunzo kwa vitendo yaliingizwa katika masharti ya shahada. Mbeya ilipata Chuo cha Ufundi mwaka 1986, kwa lengo la kuandaa mafundi sanifu. Chuo hicho baadaye kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia, na mwaka 2013 kikapata hati idhini ya kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya.

Kupanda hadhi kulibadilisha zaidi ya jina. Katika darasa la shahada aliyetoka kidato cha sita na fizikia yake, pengine bila kuwahi kushika tupa, huketi na mwenye stashahada aliyekwisha kufungua mota mara nyingi. Jaribio la maabara huwapa wote karatasi moja ya maelekezo: unganisha saketi, soma ampea, chora mstari, linganisha na kanuni. Thamani inayotafutwa imo kitabuni. Mwanafunzi ambaye usomaji wake haulingani na kanuni ana njia mbili, kuichunguza ala au kupika data, na utaratibu wa kutoa alama kwa jibu sahihi humsukuma kwenye njia ya pili. Kwa maana hii maabara ilirithi desturi ya karakana ya kikoloni kuliko inavyopenda kukiri, tena ikapoteza ile rula isiyodanganyika.

Hapa ndipo Makongolosi, takriban kilomita 110 kutoka Mbeya mjini, inapofaa kutazamwa. Mji huu umo katika eneo la dhahabu la Lupa, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922 na kuvuta maelfu ya wachimbaji katika miaka ya 1930. Mgodi mkubwa wa New Saza ulifungwa mwaka 1956. Wachimbaji wadogo walibaki. Miongoni mwao upimaji ni riziki. Mnunuzi hupima kipande hewani, kisha ndani ya maji. Gramu 10 za dhahabu safi, yenye msongamano wa 19.3, hupungua kwa takriban gramu 0.52 majini. Upungufu ukiwa gramu 0.60, msongamano ni karibu 16.7: kuna fedha au shaba ndani yake, na bei inashuka. Tofauti hiyo ni ya gramu 0.08 tu. Kiputo cha hewa kilichonata kwenye kipande, uzi uliolowa, au mizani isiyosawazishwa huweza kumnyima mchimbaji haki yake. Jaribio hili ni lile lile la Archimedes la mwaka wa kwanza, isipokuwa hapa pande zote mbili zina sababu ya kuitilia shaka mizani.

Isidhaniwe kwamba machimbo ni chuo bora. Ujuzi wa karasha na karai umeambatana na zebaki, ambayo Tanzania ilijifunga kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mvuke wake huvutwa na wale wale wanaojua kazi. Mabaki ya uchenjuaji hupelekwa kwenye matangi ya sayanaidi, ambako chokaa hutiwa ili pH isishuke chini ya takriban 10. Ikishuka, gesi yenye sumu kali hutoka. Anayejua kiasi cha chokaa kwa mazoea tu hana la kushika siku mawe yanapobadilika na kuwa na asidi zaidi. Hapo upimaji wa maabara, pamoja na nadharia yake, huokoa maisha.

Kwa hiyo tatizo la kihistoria haliwezi kuondolewa kwa kuongeza vifaa peke yake, ingawa upungufu wake ni wa kweli tangu udahili ulipopanuka baada ya mikopo ya elimu ya juu kuanza kutolewa na Bodi mwaka 2005. Kundi kubwa linalozunguka ala moja huishia kutazama mikono ya mtu mmoja. Lakini hata ala zikitosha, mpangilio wa mwaka wa masomo umebaki vile vile: maabara hutangulia, mafunzo ya kazini hufuata mwishoni mwa mwaka. Swali ambalo mwanafunzi analikuta kwenye mizani ya Makongolosi humfikia wakati kozi ya maabara imekwisha kufungwa na alama zake zimekwisha kuandikwa.