Uchaguzi wa Bunge la Jimbo la Katanga, Mei 1960: Balubakat na Suala la Akidi

Habari za kujitenga kwa Katanga huanzishwa mara nyingi tarehe 11 Julai 1960, siku Moïse Tshombe alipotangaza kwamba jimbo lake si sehemu ya Kongo tena. Uasi wa jeshi, kukimbia kwa Wazungu na kuingia kwa askari wa Ubelgiji hutajwa kama chanzo chake. Mambo hayo yalikuwa na uzito, lakini mgogoro wa nani ana haki ya kusema kwa jina la Katanga ulikuwa umekwisha kupasuka wiki sita kabla, ndani ya bunge la jimbo mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mgogoro huo haukuhusu shaba peke yake. Ulihusu hesabu ya viti, kifungu kimoja cha sheria, na chama kilichojitoa katika chama kingine.

Chama cha Conakat kilianzishwa Oktoba 1958 kuwa muungano wa vyama vya makabila ya Katanga. Hofu iliyokizaa ilikuwa imejulikana tangu uchaguzi wa komini wa mwisho wa mwaka 1957, ambapo watu waliotoka nje ya jimbo, hasa Kasai, walipata vyeo vikubwa katika miji ya migodi. Wengi wao waliletwa na mahitaji ya Union Minière na ya reli, wakakaa, wakazaa, wakasomesha watoto. Conakat ikasema kwamba wenyeji wanamezwa na watu wa kuja. Neno lenyewe "mwenyeji" lilikuwa gumu kulipima. Godefroid Munongo, kiongozi wa kwanza wa chama hicho, alikuwa mjukuu wa Msiri, ambaye alitoka Unyamwezi katika karne ya kumi na tisa akajenga ufalme wa Garenganze kwa biashara ya pembe, shaba na watumwa. Kumbe hata mlinzi wa wenyeji alikuwa na babu wa kuja.

Baluba wa Katanga walikuwa wenyeji kwa kipimo chochote, na chama chao, Balubakat, kikiongozwa na Jason Sendwe, msaidizi wa daktari na Mmethodisti, kiliingia katika Conakat mwanzoni mwa mwaka 1959. Hakikukaa hata mwaka. Mwezi wa Novemba kilijitoa. Sababu mbili zafaa kutengwa. Ya kwanza ni kwamba Conakat ilikuwa imekubali kuungana na Union katangaise, chama cha walowezi Wazungu waliotaka Katanga yenye mamlaka yake, iliyofungamana na Ubelgiji. Kwa Sendwe na wenzake, shirikisho la namna hiyo lilikuwa njia ya kuwabakiza wakoloni mlangoni baada ya kuwatoa sebuleni. Ya pili haikuandikwa sana katika matangazo ya chama, bali ilieleweka na kila mtu: maneno makali juu ya Baluba wa Kasai hayakuweza kukoma kwenye mpaka wa Kasai. Jina ni moja, na nasaba nyingi zinakutana. Aliyeanza kwa kumfukuza Muluba wa Bakwanga angeweza kuishia kwa Muluba wa Manono.

Balubakat ikaunda Kartel ya Katanga pamoja na Atcar, chama cha Watshokwe kilichoongozwa na Ambroise Muhunga, na Fedeka, shirikisho la watu wa Kasai waishio Katanga, lililoongozwa na Isaac Kalonji. Kartel ilisimama upande wa Kongo moja na ikashirikiana na chama cha Patrice Lumumba. Muungano huo ulikuwa na ufa tangu mwanzo, kwa maana huko Kasai Lumumba na Albert Kalonji walikuwa wamekwisha kutengana, na watu wa Fedeka walivutwa pande mbili.

Uchaguzi ulifanyika mwezi wa Mei 1960. Wanaume tu ndio waliopiga kura, wanawake hawakuulizwa. Bunge la jimbo lilikuwa na viti 60. Conakat ilipata 25, na Kartel ikaifuata kwa karibu sana. Viti vingine vilikwenda kwa wagombea wa kujitegemea na vyama vidogo. Kartel ilipata kura nyingi kuliko Conakat, ila kura zake zilikuwa zimerundikana kaskazini, katika nchi ya Baluba, na katika mitaa ya wafanyakazi mijini. Conakat ilipata zake kwa kutawanyika zaidi. Hakuna chama kilichofika 31, lakini Conakat iliwavuta wengi wa wale wa kujitegemea, ikawa na wingi wa kutosha kutawala. Kartel ililalamika kwamba uchaguzi uliharibiwa katika sehemu kadhaa, ikadai haki kabla ya kukaa bungeni.

Hapo ndipo sheria ilipogeuka silaha. Sheria ya Msingi, iliyotungwa na Wabelgiji tarehe 19 Mei 1960 iwe katiba ya muda, ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ili serikali ya jimbo ichaguliwe. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Wabunge wa Kartel hawakuhitaji kushinda kura yoyote. Iliwatosha kubaki nje. Walibaki nje. Conakat na washirika wake walijihesabu, wakajihesabu tena, wasifike 40. Majuma mawili ya Juni yakapita hivyo, na uhuru ulikuwa umewekwa tarehe 30.

Hoja ya Conakat haikuwa tupu: wachache hawawezi kulifunga jimbo zima kwa kukataa kuingia ukumbini. Hoja ya Kartel nayo ilikuwa na mguu wa kusimamia: kanuni ya theluthi mbili iliwekwa kusudi mshindi mwembamba asichukue kila kitu, na kwa Katanga ushindi ulikuwa mwembamba kweli. Njia ya kati ilikuwapo, nayo ni kugawana wizara. Haikufuatwa. Tarehe 15 Juni Bunge la Brussels lilibadilisha kifungu hicho ili wingi wa kawaida utoshe. Kesho yake serikali ya Katanga ikachaguliwa, Tshombe akiwa rais wake, bila Kartel. Mabadiliko yaliandikwa kwa majimbo yote sita, lakini hakuna aliyepumbazwa kuhusu jimbo lililokusudiwa. Watawala waliobakiwa na siku kumi na tano walikuwa wamesahihisha kanuni za mchezo katikati ya mchezo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Lumumba, alipounda serikali yake, alimpa Rémy Mwamba wa Balubakat wizara ya Sheria, na alitaka Sendwe awe kamishna wa taifa katika Katanga. Conakat iliona jambo hilo kuwa ni kurudishiwa kwa mlango wa nyuma mtu iliyemtoa kwa mlango wa mbele. Tshombe alipotangaza kujitenga, kaskazini ya jimbo haikumfuata. Vijana wa Balubakat waliinuka, polisi ya Katanga chini ya maofisa Wabelgiji ikachoma vijiji, na vijana nao wakaua bila kuchagua: tarehe 8 Novemba 1960 huko Niemba waliwashambulia askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa, wakafa 9. Mwanzoni mwa mwaka 1961 viongozi wa Balubakat wakatangaza jimbo lao la Lualaba huko Manono, wakisaidiwa na jeshi la Stanleyville. Jimbo lililojitenga na Kongo sasa lilikuwa limejitengewa na nusu yake. Mjini Élisabethville, mwaka huohuo, maelfu ya Baluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa.

Kujitenga kulimalizwa Januari 1963. Kaskazini ilikuwa imekwisha kupewa jimbo lake rasmi mwaka 1962, nalo likaitwa Nord-Katanga. Sendwe, aliyekuwa rais wake, aliuawa Albertville mwezi wa Juni 1964 katika vurugu za uasi wa mashariki. Mwezi huohuo Tshombe alirudi kutoka uhamishoni Hispania, na mwezi wa Julai akawa waziri mkuu wa Kongo nzima.